Nyumba Imejaa Watu, Mzee Yu Peke Yake

Kuna maneno ambayo karibu kila ukoo umewahi kuyatamka juu ya mkubwa wake: "Ni uzee tu huo." Mzee aliyekuwa mcheshi amekuwa mkimya. Chakula hakimpiti, usiku halali, aliloambiwa asubuhi halikumbuki jioni, na akialikwa harusini asema hana nguvu. Nyumba nzima yaafikiana kwamba ni umri, na shughuli zaendelea kama kawaida. Juma hili twataka kuyapima maneno hayo, kwani aghalabu hutamkwa mahali ambapo ingetamkwa "Twende kwa daktari."

Tumechagua kuyapima kupitia watu walio mbali nasi: wazee Walatino wa Marekani, yaani wale ambao wao wenyewe au wazee wao walitoka Meksiko, Puerto Rico, Kuba, Jamhuri ya Dominika na nchi nyingine za Amerika ya Kati na ya Kusini. Tuna sababu mbili. Kwanza, wamefuatiliwa na wataalamu kwa miaka mingi, mji kwa mji, na yaliyopatikana kwao yana faida kwa kila mwenye mzee nyumbani. Pili, mwenendo wao hauhitaji kufasiriwa kwa mtu wa pwani: vizazi vitatu chini ya paa moja, heshima kwa mkubwa, na aibu ya kuitoa siri ya nyumba nje.

Wametoka wapi

Hesabu ya watu ya mwaka 2020 iliwakuta Walatino zaidi ya milioni 62 nchini Marekani, karibu mtu 1 katika kila 5. Wazee wao wana historia mbalimbali. Wako Wameksiko waliokwenda kulima na kuvuna chini ya mkataba wa vibarua uitwao Bracero, uliodumu tangu 1942 hadi 1964. Wako Wakuba waliokimbia baada ya mapinduzi ya 1959 wakakaa Miami, wakidhani watarudi kwao baada ya mwaka mmoja au miwili. Wako watu wa Puerto Rico, ambao ni raia wa Marekani tangu 1917, na Wadominika walioijaza mitaa ya kaskazini ya Manhattan, mjini New York.

Wengi katika kizazi hicho walisoma miaka michache tu, kisha wakaingia mashambani, viwandani na majikoni mwa watu. Mishahara yao ilikuwa midogo na matibabu yao haba. Hata hivyo, wataalamu waliokuwa wakihesabu vifo waliona jambo la ajabu, ambalo lilielezwa wazi mwaka 1986: Walatino, juu ya ufukara wao, hawakufa mapema kama ilivyotazamiwa. Katika mambo mengi afya yao ilikaribia ile ya Wazungu waliowapita mbali kwa mali, na takwimu za miaka ya baadaye zikaonyesha kuwa wana umri mrefu zaidi.

Lakini umri mrefu una gharama yake. Kadiri mtu azidivyo kuishi ndivyo azidivyo kuingia katika miaka ambayo maradhi ya usahaulifu huja. Chama cha Alzheimer cha Marekani chakadiria kuwa wazee Walatino wana uwezekano wa mara moja na nusu wa kupata maradhi hayo wakilinganishwa na wazee wa Kizungu. Sababu zitajwazo ni nyingi: kisukari, shinikizo la damu, uchache wa masomo utotoni na ugumu wa kumfikia daktari. Miongoni mwake imo moja isiyoonekana katika kipimo cha damu, nayo ndiyo tuliyoikusudia leo.

Huzuni isiyo na jina

Waganga huyaita maradhi haya sonona. Ni huzuni, au kutoweka kwa hamu ya mambo, kunakodumu wiki mbili au zaidi pamoja na kuvurugika kwa usingizi, chakula, nguvu na mawazo, hata kazi za kila siku zikamshinda mtu. Hii siyo jitimai ya msiba, ambayo kila mwanadamu huipitia na ambayo kwa kawaida hupungua kadiri siku zipitavyo.

Katika bonde la Sacramento, jimboni California, uchunguzi ujulikanao kwa kifupi kama SALSA ulianza mwaka 1998. Uliwaandikisha Walatino 1,789, wengi wao wenye asili ya Meksiko, wa umri wa miaka 60 hadi 101. Kila mmoja aliulizwa maswali 20 juu ya hali ya moyo wake katika wiki iliyopita: Je, ulihisi upweke? Ulilala vibaya? Uliona kila jambo ni mzigo? Majibu hupewa alama hadi 60, na mwenye 16 au zaidi huhesabiwa kuwa na dalili nyingi za sonona. Walioifikia alama hiyo walikuwa karibu mtu 1 katika kila 4. Wanawake waliwazidi wanaume karibu maradufu, na waliozaliwa nje ya Marekani, hasa wale ambao hawakuizoea lugha na desturi ya nchi, waliwazidi waliozaliwa humo humo.

Ajabu ni kwamba wengi wao wasingekubali kuwa wana sonona. Mzee wa Kimeksiko au wa Puerto Rico huwa na neno lake, *nervios*, linalokusanya wasiwasi, kilio kisicho na sababu, kichwa kuuma, mwili kutetemeka na usingizi kukatika. Ni neno la heshima. Halimtii mtu katika kundi la wenye wazimu, na jamaa hulipokea bila ya aibu. Lakini lina hatari yake: daktari asiyejua Kihispania husikia habari za kichwa na kifua, akaandika dawa ya kichwa na kifua, na mzee akarudi nyumbani na mzigo wake ule ule. Kwetu pia mtu husema moyo wamwenda mbio, au mwili wote wauma, asiseme amehuzunika. Mwili hupewa ruhusa ya kulalamika pale ambapo moyo haujapewa.

Huzuni inavyoifikia akili

Sonona yahusianaje na kusahau? Njia ni zaidi ya moja.

Njia ya kwanza ni ya moja kwa moja. Aliyelemewa na huzuni hawezi kuzingatia, na jambo ambalo akili haikulizingatia lilipoingia haiwezi kulitoa litakapohitajika. Mzee huyu huonekana kama aliyepiswa ilhali kumbukumbu yake haijaharibika. Akitibiwa sonona, mara nyingi akili yake hurudi kung'aa. Hapa ndipo kauli ya "ni uzee tu" inapofanya madhara makubwa, kwani hufunga mlango wa matibabu kwa mgonjwa ambaye angalitibika.

Njia ya pili ni ya mwili. Dhiki ya muda mrefu huuweka mwili katika hali ya tahadhari, na homoni za tahadhari hiyo zikizidi kwa miaka zaweza kuidhuru sehemu ya ubongo ihusikayo na kumbukumbu. Aidha, mwenye sonona hutembea kidogo, hula ovyo, husahau dawa zake za sukari na presha, na mishipa ya damu ya ubongo hulipia.

Njia ya tatu ni ya maisha yenyewe. Mwenye sonona hujitenga. Haendi, haitwi, hazungumzi, na akili isiyotumika hudhoofu kama mkono uliofungwa bandeji.

Mwaka 1993 ulianza uchunguzi mkubwa uitwao Hispanic EPESE, uliowafuata Wamarekani wenye asili ya Meksiko 3,050 wa umri wa miaka 65 na zaidi katika majimbo matano ya kusini-magharibi: Texas, California, Arizona, Colorado na New Mexico. Walitembelewa majumbani mwao tena na tena, wakapimwa moyo na akili. Ilionekana kwamba walioanza na dalili nyingi za sonona waliporomoka akili kwa kasi zaidi katika miaka iliyofuata kuliko wenzao, hata baada ya kuhesabu umri, masomo na maradhi mengine.

Insafu yatutaka tuseme upande wa pili pia. Yamkini wakati mwingine huzuni si chanzo bali ni dalili ya mwanzo. Watumishi wa serikali wapatao 10,000 wa Uingereza walifuatiliwa kwa miaka 28, na matokeo yakatolewa mwaka 2017. Walioingia katika usahaulifu walikuwa wameanza kuonyesha dalili za sonona takriban miaka kumi kabla ya ugonjwa kutajwa. Waliokuwa na huzuni zamani, katika umri wa kati, hawakuonekana kuwa na hatari zaidi. Basi huzuni inayomzukia mtu kwa mara ya kwanza uzeeni, iwe ni chanzo au ni mjumbe, yastahili kushughulikiwa upesi.

Mlango wa kutokea

Sasa twafika kwenye kiini cha makala haya. Wataalamu wale wa Hispanic EPESE walijiuliza swali jingine: Je, kila mwenye huzuni hupoteza akili kwa kasi ile ile? Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 waliwagawa wazee kwa jambo moja jepesi: mzee huenda kanisani mara ngapi? Wengi wa Wameksiko hao ni Wakatoliki, na kanisa kwao ni mahali pa ibada na pia pa kuonana, kujuliana hali, kula pamoja na kusikia habari za mtaa.

Ikaonekana kwamba tofauti iko hapo. Miongoni mwa wazee wenye dalili nyingi za sonona, waliohudhuria mara chache ndio walioporomoka zaidi katika miaka zaidi ya 10 ya ufuatiliaji. Waliohudhuria mara kwa mara walikingika, ingawa walikuwa na huzuni ile ile mwanzoni. Huzuni ilipokutana na mlango uliofungwa, akili ilikwenda kwa kasi. Ilipokutana na mlango wa kutokea, madhara yalipungua.

Mwenye kuhoji atasema: huenda wanaoweza kwenda kanisani ndio wenye miguu na afya. Ni hoja ya haki, na watafiti waliyahesabu maradhi na udhaifu wa mwili kadiri walivyoweza. Hakuna uchunguzi mmoja unaomaliza neno. Lakini huu hausimami peke yake.

Katika mitaa ya kaskazini ya Manhattan, wanakoishi Wadominika wengi, wazee 1,772 wasiokuwa na usahaulifu, Walatino na wengineo, waliulizwa juu ya mambo 13 ya wakati wa faragha. Waliulizwa kama huwatembelea marafiki na jamaa, hutembelewa, husoma, hucheza karata, hutoka matembezini, huenda mahali pa ibada, hujitolea katika kazi za mtaa. Matokeo yalitolewa mwaka 2001. Waliokuwa na shughuli nyingi walikuwa na hatari ya usahaulifu iliyo pungufu kwa asilimia 38 kuliko wenye shughuli chache. Watafiti hao hutumia mfano wa akiba: mtu aliyeishughulisha akili yake na watu wake hujiwekea akiba ubongoni, na maradhi yakija huikuta akiba hiyo ikimsaidia kusimama kwa muda mrefu zaidi.

Jopo la kimataifa lililokusanywa na jarida la tiba la *Lancet*, katika ripoti yake ya 2024, lilitaja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya usahaulifu duniani. Sonona imo, na kutengwa na watu kumo, bega kwa bega na kisukari, presha, tumbaku na uziwi usiotibiwa.

Upweke katikati ya jamaa

Hapo msomaji atauliza: Walatino si ndio mashuhuri kwa kushikamana? Ndio. Wana neno la kuutaja mshikamano huo, *familismo*, yaani jamaa kwanza, mtu baadaye. Wazee wao wengi huishi na watoto, na kumpeleka mama katika nyumba ya kulea wazee huonekana kuwa ni fedheha. Basi upweke wao watoka wapi?

Tumchukulie bibi mmoja wa kubuni. Aliitwa na mwanawe kutoka kijijini Meksiko baada ya kufiwa na mume, aje alelewe. Amefika katika kitongoji kipana cha Texas ambako duka liko mbali na barabara haina njia ya miguu. Hana leseni ya gari. Mwanawe na mkewe hutoka alfajiri na hurudi usiku. Wajukuu husema Kiingereza baina yao. Kihispania chao ni cha "nina njaa" na "ahsante, nyanya". Jirani hamjui. Kule kijijini alikuwa mtu wa kuulizwa: tiba ya mtoto, ugomvi wa ardhi, siku ya kupanda. Hapa haulizwi neno. Mchana wake ni runinga na kukunja nguo. Ndugu zake wafa mmoja mmoja kule nyumbani, naye hawahi kuzika. Usiku nyumba yajaa watu sita, na kila mmoja macho yake yako kwenye simu.

Bibi huyu halali njaa wala hatukanwi. Jamaa zake wampenda kweli. Lakini hana wa kuzungumza naye kwa lugha yake juu ya mambo yake, wala hana kazi ambayo isipofanywa na yeye haitafanyika. Mjini Chicago watafiti waliwafuata wazee 823, wengi wao si Walatino, wakachapisha mwaka 2007 kwamba waliojihisi wapweke walikuwa na hatari zaidi ya maradufu ya kupata Alzheimer. Upweke huo ulikuwa na uzito wake hata baada ya kuhesabu idadi ya jamaa na marafiki na mara walizoonana nao. Mtu aweza kuzungukwa na kumi asiwe na mmoja.

Lipo pia tatizo la kinyume chake. Baadhi ya bibi hao hawakosi kazi, wamelemewa nayo. Wanalea wajukuu watatu kutwa, wanamuuguza mume aliyepooza, na jioni wanapika. Familismo huwazuia kusema "nimechoka", na huwazuia watoto kuuliza. Kuhitajiwa kwampa mzee nguvu, lakini kutumikishwa bila ya mapumziko kwamtoa roho. Fauka ya hayo, ukoo unaojivunia kumtunza mzee nyumbani mara nyingi huuficha usahaulifu wake mpaka umeshika mizizi, na mzee asiye na hati za ukaazi hana haki ya bima ya serikali ya wazee, hivyo daktari huahirishwa tena na tena.

Waliofanya jambo

Yako yaliyofanywa, na mengi ni rahisi.

Miami, katika mtaa wa Calle Ocho, ipo bustani iliyopewa jina la Máximo Gómez, jemadari wa vita vya uhuru vya Kuba. Watu huiita bustani ya dhumna. Wazee wa Kikuba hukaa humo kutwa wakigonga vipande mezani, wakihesabu vilivyotoka na vilivyobaki, wakibishana siasa za kisiwa chao. Anayezijua baraza zetu za jioni hatahitaji kuelezwa. Mchezo huo hudai kumbukumbu, hesabu na ulimi, na asiyetokea huulizwa yuko wapi.

Katika Chuo Kikuu cha Miami ulibuniwa mpango wa kuzuia sonona na wasiwasi kwa wazee Walatino. Kiungo chake ni *promotora*, yaani mtu wa mtaa huo huo aliyefundishwa mambo ya afya. Huyo hukusanya kikundi, wakatembea kwa miguu pamoja dakika 45, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 16, huku wakizungumza. Kila mmoja hupanga pamoja naye mambo yenye kumfurahisha atakayoyafanya wiki hiyo. Mpango huo haukuwekewa bango la maradhi ya akili mlangoni, na kwa hiyo hakuna aonaye haya kuingia.

Chicago nako, Chuo Kikuu cha Illinois kilianzisha madarasa ya densi za Kilatino kwa wazee, mara mbili kwa wiki, yaitwayo *Bailamos*. Mzee hujifunza hatua mpya, huzikumbuka, huzilinganisha na muziki na mwenziwe, na hurudi kwao akiwa amecheka. Watafiti waliwapima wachezaji pamoja na kundi lililopewa masomo ya afya tu. Densi si dawa ya Alzheimer, na hakuna aliyedai hivyo. Lililo wazi ni kwamba wazee hupenda kurudi, na zoezi asilolipenda mtu hata likiwa bora halimfai.

Ziko pia kumbi za chakula cha mchana cha pamoja, zilizotokana na sheria ya wazee iliyopitishwa Marekani mwaka 1965. Mzee hupata mlo na hupata wenzake wa kula nao. Wengi hufuata la pili kuliko la kwanza.

Na kwa aliyekwisha kuugua, matibabu yapo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 uliwahusisha wazee 1,801 wenye sonona katika zahanati 18 za Marekani. Nusu yao waliachiwa utaratibu wa kawaida. Nusu nyingine waliwekewa mwangalizi, muuguzi au mtaalamu wa nafsi, aliyewapigia simu, akafuatilia dawa zao, akawasaidia kutatua matatizo yao hatua kwa hatua na kupanga shughuli njema. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 45 ya waliofuatiliwa walikuwa dalili zao zimepungua kwa nusu au zaidi, dhidi ya asilimia 19 ya wengine. Walatino waliokuwamo walifaidika vile vile. Haijathibitishwa kwamba kuitibu sonona kwazuia Alzheimer; lakini kumrudishia mzee usingizi, chakula na hamu ya watu ni faida tosha peke yake.

Kwa mwenye mzee nyumbani

Ndugu wasomaji, wengi wetu tuna mzee chini ya paa letu, na wengine wana mama au baba aliyeitwa na watoto walioko ng'ambo, akakaa katika nyumba nzuri yenye kila kitu isipokuwa mtu wa kuzungumza naye. Tumekusanya hapa yale ambayo mafunzo ya Walatino yatuelekeza.

*Tazama ilivyoanza.* Sonona huja kwa wiki au miezi, na mara nyingi familia yaweza kutaja wakati ilipoanza: baada ya msiba, kuhama, kulazwa hospitali. Mwenye sonona hulalamika kuwa asahau, na akiulizwa hujibu "sijui". Usahaulifu wa maradhi huingia polepole kwa miaka. Mwenyewe aghalabu hukana au huficha, huuliza jambo lile lile mara nyingi, na hupotea katika njia aliyoizoea. Yote mawili yaweza kukutana kwa mtu mmoja, kwa hiyo uamuzi si wetu.

*Mpeleke apimwe, na useme yote.* Mwambie daktari habari ya usingizi, chakula, machozi na kujitenga, usitaje kichwa na magoti peke yake. Yako mambo mengine yanayoweza kumvuruga mzee akili na yakatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, maambukizi, na dawa zinazogombana. Chukua dawa zake zote ukazioneshe. Apimwe kwa lugha yake, kwani wazee wengi Walatino walihukumiwa kuwa wamepungukiwa na akili kwa sababu waliulizwa kwa lugha isiyo yao maswali yaliyotungwa kwa waliosoma.

*Mpime masikio na macho.* Asiyesikia vizuri huchoka kuuliza "umesema nini?", akanyamaza, kisha akajitenga. Watu husema amekuwa mkali au amepotewa, kumbe hasikii.

*Mwachie kazi yake.* Usimnyang'anye kila kitu kwa jina la kumpumzisha. Akichagua mchele, akimfundisha mjukuu lugha na nasaba, akishauriwa kabla ya posa kujibiwa, ajua kuwa yupo. Na ikiwa amelemewa na malezi, mpunguzie, umuulize mwenyewe nini abaki nacho.

*Mpe njia ya kutoka, kwa siku maalumu.* "Ukitaka twende, tutakupeleka" haitoshi, kwa sababu mwenye sonona hataki. Iwe kila Jumatano, mtu fulani ampitie, waende kwa rafiki yake, barazani, msikitini, kwenye chama cha akina mama. Mwanzo atakataa, aendewe tena, kwa upole. Kwa aliye ng'ambo, watoto wamtafutie wa lugha yake kabla ya kumnunulia runinga kubwa zaidi.

*Mketie.* Robo saa ya mazungumzo, simu ikiwa imewekwa kando, ikizungumzwa lugha yake na habari zake, yatosha kuanzia. Muulize jambo ambalo wewe hulijui naye alijua.

Na iwapo mzee atasema kuwa amechoka kuishi, au kuwa afadhali asingekuwapo, maneno hayo yasichukuliwe kuwa ni mazoea ya wazee. Asiachwe peke yake, na apelekwe kwa daktari siku ile ile.